Uliza Fundi wa Treki: "Tunamwaga udongo Alhamisi, mbio Jumamosi, tutafika kweli?"

Wiki hizi mbili meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti, vijana wa Dodoma na majirani zetu wa Singida wanataka kuandaa mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja wa udongo, mtindo wa spidwei, na uwanja wenyewe ni wa kuazima, yaani unaujenga wiki hii, unakimbiza, wiki ijayo unaubomoa mpira urudi. Kwa ambaye hajawahi kuiona, spidwei ni watu wanne, raundi nne, wanazunguka kwa mkono wa kushoto, pikipiki za cc 500 zenye gia moja na breki hazina kabisa. Kona wanaingia ubavu huku tairi la nyuma linachimba. Hilo neno linachimba mlishike, maana maswali yote ya leo yanarudi hapo hapo.

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kamati ya vijana huku Nzuguni, tuna mbio kubwa mwisho wa mwezi wa tisa na uwanja wa mpira wa mtaa tumeshakubaliwa. Mpango wetu ni kumwaga moramu, ule udongo wa changarawe, Alhamisi, greda lipite Ijumaa, Jumamosi asubuhi boza limwage maji, saa 8 mchana tuanze. Mwenzetu mmoja anasema haitoshi, anataka siku kumi, na hela ya kukodi greda siku kumi hatuna. Nani yuko sahihi? *Mwenyekiti wa kamati, Nzuguni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzenu yuko sahihi na naomba mumsikilize kabla hamjalipa hata shilingi ya moramu.

Ntakwambia kilichonikuta mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma niliitwa kusaidia mbio kama hizo zenu, ratiba ilikuwa hiyo hiyo yako, Alhamisi udongo, Ijumaa greda, Jumamosi maji. Na mimi nlikuwa nimeshaendesha greda miaka mingi tangu enzi ile barabara ya Kondoa mpaka Babati ni vumbi tupu, kwaiyo nlipaswa kukataa, sikukataa. Jumamosi saa 4 asubuhi treki ilikuwa inapendeza, nyekundu, imelainika, watu wanapiga nayo picha. Hiti ya tatu, yaani mbio ya tatu kati ya zile za watu wanne wanne, kijana mmoja akaingia kona ya pili, gurudumu la mbele likazama, akarushwa, akavunjika mtulinga. Nilienda pale nikapiga magoti nikaingiza mkono kwenye lile shimo. Juu kulikuwa na tope unene wa kidole kimoja basi. Chini ya hapo vumbi kavu, jepesi, linamwagika katikati ya vidole kama unga wa uwele uliotoka kusagwa. Maji yote ya boza tuliyomwaga asubuhi hayakuwa yameshuka hata robo ya njia, tulikuwa tumepaka rangi tu. Yule kijana mama yake alikuja kumchukua na hakunisemea neno, na mpaka leo nikiona treki imependeza sana asubuhi ya mbio nashika nondo naenda kuichoma kwanza.

Sasa elewa kinachotokea. Tairi la kwanza linakata ganda la juu, la pili linakuta ukingo wa ile alama linaupanua, la tatu linatoa vumbi la chini linalitupa nje ya kona, ikifika la kumi una shimo, na mtu anayekuja hana breki, amelala upande mmoja, hawezi kulikwepa. Shimo hilo hulizibi siku ya mbio. Ukimwaga udongo mpya ndani yake hauna cha kushikana nacho, hiti inayofuata unatoka wote. Ndo maana nasema treki inatengenezwa kuanzia chini, na ukishafika juu chini kukiwa hakujakaa umechelewa.

Kazi yenyewe iende hivi. Uwanja wenu wa Nzuguni naujua ni udongo mtupu hauna nyasi, kwaiyo kwanza greda likwangue na kuparua kidogo, muumwagie maji ya kutosha, mshindilie huo wa asili kabla hamjaleta kitu kingine. Alafu moramu iletwe kwa tabaka, isizidi sentimita 15 kwa mara moja, kwa sababu rola la kawaida halisukumi chini zaidi ya hapo, ukimwaga sentimita 30 kwa mkupuo mmoja unashindilia nusu ya juu na nusu ya chini inabaki mto wa pamba. Maji yachanganywe na udongo wakati greda linaugeuza, siyo kunyunyiza juu baada ya kusawazisha.

Unyevu pima kwa mkono. Chukua udongo wa ndani, siyo wa juu, ufumbate kwa nguvu. Ukifungua kiganja donge libaki lilivyo na mkono usiwe na matope. Liachie kutoka usawa wa kiuno, likipasuka vipande vitatu vinne umefika, likisambaratika vumbi bado kavu, likibonyea kama ugali maji yamezidi na inabidi usubiri. Baada ya rola kupita chukua nondo ya mm 12 uisukume kwa mikono kila baada ya hatua tano, kwenye kona kila hatua mbili. Inapozama kirahisi weka alama ya chokaa, hapo rola lirudi.

Kuhusu hela, tulia. Siku kumi siyo siku kumi za greda. Greda mnalihitaji siku mbili mwanzoni na masaa machache karibu na mwisho, rola siku tatu hivi. Siku nyingine zote ni za maji na subira. Hesabu ya maji ni rahisi: treki ya mita 300 kwa upana wa mita 12 ni mita za mraba 3,600, na milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwaiyo kila milimita mnayotaka ni lita 3,600. Mkitaka milimita 5 kwa jioni ni lita 18,000, boza mbili za lita elfu kumi kasoro kidogo. Mwageni jioni jua likishazama, usiku kucha yanashuka. Hapa kwetu mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570 hivi na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, mwezi wa tisa ni jua na ule upepo mnaoujua, ukimwaga saa 4 asubuhi saa 7 mchana umeshanyang'anywa.

Moramu piga hivi: mita 3,600 za mraba kwa kimo cha sentimita 15 ni mita za ujazo 540 iliyoshindiliwa, ila kwenye tipa inakuja imevimba, weka kama 700, tipa ya mita 15 itakwenda trip 47. Msinunue 36 mkidhani mmemaliza halafu kona za mwisho mzipake nyembamba, maana kona ndo zinazochimbwa.

SWALI: Mzee habari za kazi. Huku Bahi udongo mwingi ni ule mweusi wa mbugani, upo bure na ukishindiliwa unakuwa kama saruji. Kwanini tununue moramu? *Msomaji, Bahi*

JIBU: Salama ndugu yangu. Huo mweusi uache kwenye mpunga. Ukilowa unavimba na kunata mpaka tairi haligeuki, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kiganja, na ndani ya wiki moja ya kiangazi unaweza kuupata wa aina zote mbili kwenye treki moja, upande wenye kivuli na upande wa jua. Na hilo la kuwa kama saruji siyo sifa. Waingereza walivyokuja na mradi wao wa karanga pale Kongwa mwaka 1947 walikuta udongo ambao kiangazi ukikauka unakuwa mgumu kiasi kwamba majembe ya matrekta yalichakaa na kuvunjika, na mradi ulifungwa 1951. Pikipiki inataka sehemu inayokubali kuchimbwa kidogo juu na kukataa chini. Ikigoma kote tairi linateleza kama kwenye kigae.

Unachotaka ni mchanganyiko wa changarawe ndogo, mchanga na mfinyanzi kiasi wa kuvishikanisha. Moramu zetu nyingi mfinyanzi hautoshi, na hapo dawa ipo karibu na wewe, udongo wa kichuguu. Bibi zetu wamesiriba nao nyumba na sakafu miaka yote, na viwanja vya tenisi vya udongo huku Afrika vimejengwa kwa huo huo, chembe zake ni ndogo na zinashikana. Utwange, uchekeche, uanze na ndoo moja ya kichuguu kwa nne za moramu, ujaribu kwenye kipande cha mita mbili nyuma ya nyumba kabla hujaagiza. Ukitaka kujua udongo wako una nini, weka udongo nusu kwenye chupa inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho yake. Chini utaona mchanga, katikati tope laini, juu kabisa mfinyanzi, kila kimoja na mstari wake.

SWALI: Eti mzee oili chafu inaua vumbi vizuri na gereji wanatoa bure, tuimwage kwenye treki siku moja kabla? *Fundi gereji, Kizota*

JIBU: Hapana, na nakuomba uwakataze na wengine. Kwa waendeshaji inateleza na haikauki, ukianguka nayo kidonda kinaingia uchafu wa metali. Na zaidi ya hapo, mji huu unakunywa maji ya visima vya Makutupora, tunaishi kwa maji yaliyo chini ya ardhi, halafu sisi wenyewe tumwage oili juu ya ardhi? Vumbi linauliwa na maji na mfinyanzi basi.

SWALI: Mzee mi napenda sana spidwei naangalia kwenye simu. Kuna mbio za Poland ziliharibika uwanja mkubwa kabisa, watu wakazomea. Kama wale wenye hela wameshindwa sisi tutaweza? *Bodaboda, Majengo*

JIBU: Unaongelea Warsaw, tarehe 18 Aprili 2015, Speedway Grand Prix, yaani mbio za kugombea ubingwa wa dunia wa spidwei, kwenye uwanja wa taifa wa Poland. Watu zaidi ya 50,000 walijaa, na wengi walikuja kumuaga Tomasz Gollob, bingwa wao wa dunia wa 2010. Treki ilikuwa ya muda, imemwagwa ndani ya uwanja wa mpira. Ikaanza kubomoka chini ya matairi, na juu ya hapo geti la kuanzia, ile mitepe inayoruka juu ili wote waondoke pamoja, likagoma, wakajaribu kuanzisha kwa taa, ugomvi. Hiti zilizopangwa zilikuwa 23, zikaishia 12, wakafunga hapo hapo na ushindi akapewa Matej Žagar wa Slovenia kwa pointi alizokuwa nazo. Mzee Gollob akaagwa hivo.

Ila usiache kusoma ukurasa unaofuata. Mwaka 2016 walirudi uwanja ule ule, mji ule ule, na mbio zikaisha zote, Tai Woffinden akashinda. Na Cardiff kule Wales walikuwa wanamwaga treki ya muda ndani ya uwanja wa ragbi kuanzia 2001, miaka mingi. Kwaiyo inawezekana kabisa, na kinachoiwezesha ni siku na rola, hela inakuja baadaye.

Kwenye geti kuna kitu kidogo ambacho nyie mnaweza kukifanya bora kuliko Warsaw. Kabla ya hiti ya kwanza, kwenye kikao cha waendeshaji, refa aseme wazi: geti likigoma tutaanza kwa bendera, bendera atashika fulani, atasimama pale, atakayechomoka mapema atatolewa. Wote wasikie na wakubali kabla hawajavaa helmeti. Ugomvi wa kuanzia unazaliwa pale sheria inapotungwa katikati ya mchezo. Na zile sehemu nne za kuanzia, tairi za nyuma zinachimba mashimo manne hiti ya kwanza tu, weka vijana wawili na shindilio la mkono na ndoo ya udongo wenye unyevu, kila baada ya hiti wajaze na kupiga. Aliyepangiwa sehemu yenye shimo ameonewa kabla hajaanza.

Na trekta lenye blade lipite kila baada ya hiti tatu nne, likitoa udongo nje kurudisha ndani, kwa sababu unaotupwa na matairi wote unaenda kujikusanya ukutani. Mkikosa blade hata boriti ya chuma ya kuburuza inasaidia, mi nimewahi kutumia matawi ya mgunga yamefungwa mnyororo nyuma ya pikapu na kazi ilienda.

SWALI: Habari mzee wangu. Mimi ni mwalimu, kiwanja cha shule yetu kimeombwa kwa mbio. Watoto wanakitumia kila siku, nyasi tumezimwagilia kwa ndoo miaka mitatu. Nikubali? *Mwalimu, Chamwino*

JIBU: Mwalimu shikamoo, na pole na kazi. Kwa nyasi zilizokuzwa kwa ndoo mi ningesema hapana. Viwanja vikubwa wanatandika turubai nzito la ujenzi kwanza ndo udongo unafuata, lakini tipa 47 zikishapita, na rola, ardhi ya chini inakuwa imegandamizwa hata nyasi zikibaki mizizi haipumui. Kama ni lazima basi waandikishiane na shule kwamba watalima, watasawazisha na kupanda upya, na hela ya hiyo kazi iwekwe kabla ya tipa la kwanza kuingia getini. Watakaokataa hilo wameshakujibu.

SWALI: Shikamoo mzee. Tuko Manyoni, mbio zetu zimeangukia wiki ya kwanza ya Desemba kwa sababu ya mdhamini. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia mbio tufanyeje? Tiketi tumeshaanza kuuza, tukiahirisha watu watatuchoma moto. *Katibu wa mashindano, Manyoni*

JIBU: Marahaba. Hili ndo swali lililonifanya niandike usiku huu, maana najua presha mliyonayo, mdhamini, mgeni rasmi, muziki umeshalipwa.

Kwanza ya kuzuia. Treki ikishashindiliwa iwe na mteremko kidogo kutoka nje kwenda ndani ili maji yashuke upande wa ndani, na huko ndani chimba mfereji wa kuyatoa. Mawingu yakijikusanya, piteni na rola juu mfunge uso, uso uliofungwa unamwaga maji, uliochakurwa unayanywa. Rundo la udongo wa akiba lifunikwe turubai tangu siku linapomwagwa. Hili wengi wanalisahau, wanafunika treki wanaacha rundo, asubuhi wanarekebisha treki kwa tope.

Mvua ikishanyesha usimwage mchanga mkavu juu ya tope ukadhani umetibu. Kwangua ule ulioloa utupe pembeni, ufike kwenye ugumu, subiri jua, ndo urudishe udongo wa akiba kwa tabaka nyembamba na rola. Kama hakuna muda wa hivo, hakuna mbio.

Na hapo kwenye kuahirisha nikupe mfano. Mwaka 2008 Grand Prix ya mwisho ya msimu ilikuwa ifanyike Gelsenkirchen Ujerumani mwezi wa kumi, ndani ya uwanja wenye paa, treki ya muda. Udongo haukukaa, ikaonekana hatari, wakafuta. Hebu fikiria hiyo, fainali ya dunia, watu wamesafiri kutoka nchi nyingine na mahoteli wamelipa. Wiki moja baadaye mbio zikafanyika Bydgoszcz kule Poland kwenye treki ya kudumu, msimu ukaisha. Walilaumiwa sana, lakini hakuna mama aliyekuja kuchukua mtoto wake kwenye machela.

Kwaiyo fanyeni hivi. Kwenye tiketi iandikwe leo, siyo kesho, tarehe ya pili ya akiba, na kwamba tiketi ile ile itatumika, asiyetaka atarudishiwa hela yake yote. Mdhamini aambiwe kwa maandishi. Mgeni rasmi naye aambiwe. Alafu chagueni watu watatu wa kuamua, mmoja awe mwendeshaji anayeheshimiwa na wenzie, mmoja fundi wa treki, mmoja daktari au muuguzi atakayekuwa zamu, na mwenye hela asiwe mmoja wao. Wakisema hapana iwe hapana.

Na jaribio lifanyike siku tatu kabla, saa ile ile ya mbio, na pikipiki nne kwa pamoja. Moja peke yake haichimbi, inawadanganya. Raundi nne, mara tano mfululizo, bila kurekebisha chochote katikati. Baada ya hapo tembeeni wote kwa miguu kuanzia mstari mpaka mstari, nondo mkononi, kona ya pili pigeni magoti kabisa mtie mkono. Mkikuta unyevu ule ule juu na chini nitumieni meseji nije na mimi kuangalia hizo mbio, nauli nitajilipia.